Madamu na Kanga Juu ya Skrini

Nilipomwambia baba kwamba nimechaguliwa kidato cha tano kwa kombi ya masomo yenye Muziki, aliweka chini panga alilokuwa anapogolea migomba, akauliza kama ni serikali iliyokosea au ni mimi niliyejaza hivyo. Nikamwambia nilijaza mwenyewe, kwa mkono wangu na akili zangu zote. Akamwita mama aliyekuwa jikoni. "Hebu njoo umsikie mwanao. Anakwenda shule kusomea kuimba!"

Mimi nina mdomo, sikatai. Nikamjibu palepale: si kuimba, baba, ni teknolojia ya muziki, tutajifunza kurekodi, kupanga sauti, mambo ya kompyuta. Neno kompyuta likamtuliza. Kwetu Kaagya kitu chochote kikiwa na kompyuta ndani yake kinahesabika elimu, na baba yangu akisikia elimu hana ujanja tena. Kesho yake nikamsikia anamwambia jirani, wakiwa wanaanua kahawa, kwamba binti yake anakwenda kusomea uhandisi wa sauti. Uhandisi! Sikumsahihisha. Watu wanatusema sisi Wahaya kwamba tunapenda kujisifu, na mimi sijawahi kuelewa wanalalamika nini, maana kama cha kusifu kipo, kinyamaziwe kwa nini?

Kwa hiyo hapa nitamsifu mtu, na sitaona aibu. Nitamsifu mwalimu wetu wa muziki, ambaye tulimwita madamu tu, kana kwamba shule nzima haikuwa na madamu mwingine.

Shule ilikuwa Bukoba mjini, juu kidogo mlimani, na somo lenyewe lilikuwa limeanza juzi tu. Nilikuwa nimejitengenezea picha kichwani: studio yenye kioo, viti vya kuzunguka, taa nyekundu ya kuonyesha watu wanarekodi. Nikakuta stoo. Zamani ilikuwa ya majembe na fyekeo, na harufu ya kutu ilikuwa haijatoka. Ukutani wamebandika trei za mayai kutoka chini hadi juu, mezani kuna kompyuta moja iliyopasuka kona, maiki chache, spika mbili zisizofanana, na waya zimekunjwa vizuri mno, kama nguo za mtu anayejiheshimu. Kompyuta ilikuwa ya madamu mwenyewe. Waya na spika pia zilikuwa zake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili uisikie. Kwao ni Rubafu, mtoto wa wakulima kama sisi, akasoma mpaka chuo, akarekodi kwaya za makanisa huku na kule, kisha akarudi kufundisha. Ila hakuwa ameajiriwa. Alikuwa anajitolea. Kujitolea ni neno zuri la kanisani, lakini kwa mwalimu maana yake ni kwamba unafundisha kama wenzako, unasahihisha kama wenzako, na mwisho wa mwezi wenzako wanakwenda benki na wewe unangoja wazazi wachange. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi, shule hii na ile, akiomba ajira kila zinapotangazwa, na kila mara anakosa.

Siku ya kwanza kabisa alituambia bila kuzunguka. "Nimejipa muda mpaka ninyi mmalize kidato cha sita. Nikikosa tena ajira, narudi Rubafu kulima na mama yangu, na waya sitazigusa tena. Kwa hiyo msinipotezee muda, na mimi sitawapotezea." Tukatazamana. Tulikuwa wachache, tunaenea kwenye benchi mbili, na kila mmoja wetu alikuwa amegombana na mtu nyumbani ili awe pale. Na somo lenyewe lilikuwa na mwalimu huyo mmoja tu. Akiondoka yeye, chumba kinarudi kuwa cha majembe.

Somo la kwanza alifungua wimbo wa kwaya moja aliyoirekodi. Skrini ikajaa michoro ya rangi, milima na mabonde, kila sauti na mstari wake. Tukasogea wote, vidole mbele, huyu anasema hii ni besi, yule anasema hapana, ni ngoma. Madamu akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaitupia juu ya skrini, ikafunika yote.

"Haya, niambieni mmesikia nini."

Hakuna aliyekuwa amesikia kitu.

"Mlikuwa mnatazama," akasema. "Nani aliwaambia muziki unaingilia machoni?"

Ikawa ndiyo sheria ya chumba kile. Unaruhusiwa kutazama skrini wakati wa kutafuta faili na kuunganisha vitu. Lakini ukifika mahali pa kuamua, sauti hii ipande au ishuke, hii ikae mbele au nyuma, kanga inashuka. Unabaki na hedifoni masikioni na mkono mmoja umeingia chini ya kanga umeshika kipanya, kama mtu anayejifukiza mafua. Wanafunzi wa kombi nyingine walikuwa wanachungulia dirishani na kufa kwa kicheko. Walituita waganga.

Mimi niliona upuuzi, na nikasema. "Madamu, huko duniani wanaofanya kazi hii wanatazama skrini."

"Huko duniani wana spika za maana," akanijibu bila kukasirika. "Sisi tuna masikio tu. Hebu tuyatumie kwanza."

Jumamosi alikuwa anatutuma sokoni, si kununua kitu, kusikiliza tu. Mmoja akae kwa wauza dagaa, mwingine kwa fundi bati, mwingine ateremke mpaka ufukweni, kisha turudi kusimulia nini kilikuwa karibu, nini kilikuwa mbali, nini kilikuwa kinafunika kingine. Mwenzetu mmoja, kijana wa Buganguzi, alirudi akasema amesikia kelele. Akarudishwa sokoni na jua lile lile. Aliporudi mara ya pili alisimulia jinsi mama mmoja muuza nyanya anavyoshusha sauti anapotaja bei, ili mteja asogee, na akisogea basi amenasa. Madamu akapiga makofi. Nami nikamwonea wivu yule kijana mpaka jioni, maana mimi nilikaa kwa wauza dagaa nikaambulia harufu.

Sasa, kazi yetu kubwa ya vitendo ilikuwa kurekodi muziki wa kwetu, tuupange, tuukamilishe, na uwe wa kusikilizika na mtu yeyote. Madamu alikuwa ametufundisha miezi na miezi namna inavyofanyika: sauti moja moja, kila mtu peke yake na hedifoni, safi, pasiwe na mlango unaolia wala mtu anayekohoa, kisha kompyuta inawakutanisha. Usafi, usafi, usafi. Tuliushika kama katekisimu.

Tukapanga kuanza pale pale chumbani, tukaalika kwaya ya shule. Haya, ndiyo kwanza mwimbaji wa kwanza anafungua mdomo, mvua ya Bukoba ikashuka. Anayeijua haihitaji nimweleze. Juu yetu mabati matupu, ungedhani mtu anamwaga kokoto kwa karai. Mimi nilikuwa naamini zile trei za mayai kwa moyo wangu wote, nikadhani ndiyo teknolojia yenyewe. Nikawa nazitazama zinisaidie. Madamu akacheka mpaka akakaa chini. "Trei zinapunguza mwangwi, mwanangu. Hazizuii mvua." Siku iliyofuata mvua tena. Na iliyofuata.

Tukaanza kukata tamaa. Ndipo yule kijana wa Buganguzi aliposema, polepole, kama mtu asiye na hakika, "Kwa bibi yangu mvua haisikiki."

"Kwani kwa bibi yako hainyeshi?" nikamuuliza. Wakacheka wote.

Hakunijali. Akaeleza kwamba nyuma ya nyumba ya bati waliyomjengea watoto wake, bibi amekataa kubomoa msonge wake. Ni ile nyumba yetu ya zamani, ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni mpaka zinagusa ardhi, haina ukuta, na sakafuni zimetandikwa nyasi. Ukiwa ndani, alisema, mvua unaambiwa na aliyeingia amelowa.

Madamu akainua mkono, akaelekeza juu, pembeni, chini. "Nyasi, nyasi, nyasi," akasema. Kisha akajipiga kofi la paji la uso, akaita mama kwa Kihaya. "Mawe! Nimelala ndani ya studio utoto wangu wote, halafu nikaenda Dar es Salaam kutafuta studio!"

Tukaenda Buganguzi na maiki zetu, na betri kubwa ya gari kwa ajili ya umeme. Bibi mwenyewe alikuwa maarufu kata nzima kwa nyimbo za kumuaga bibi harusi, zile anazoimbiwa msichana anapotoka kwao, za kumsifu, kumfunda, na kumchokoza kidogo. Alikuwa mrefu, amenyooka, na anajijua. Alikuwa amewaita majirani zake, wakatandika nyasi mpya kwa ajili yetu. Tukavua viatu mlangoni, sisi wasichana tukapiga magoti tukamwamkia kwa Kihaya, akapitisha kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Nilipojaribu maiki, kitu cha kwanza nilichokisikia kwenye hedifoni ni meno ya wenzangu yakivunja kahawa. Nikawaambia wamalize au wateme.

Tulijipanga kama wataalamu. Yule kijana akabandika karatasi mlangoni: KIMYA, TUNAREKODI. Wale kina mama majirani tukawaomba, kwa heshima zote, wakakae nje nyuma ya migomba wasituletee kelele. Bibi tukamketisha peke yake katikati, hedifoni juu ya kilemba, maiki mbele ya kinywa. Sisi tukajibanza pembeni, hakuna anayepumua. Madamu akaninyooshea kidole, nikaanza kurekodi.

Jamani, ile sauti! Sijawahi kusikia sauti kavu namna ile, haina mwangwi, haina upepo, ni bibi tu na koo lake. Moyoni nilikuwa nacheza. Akaimba mstari, akaimba wa pili, akanyamaza.

Tukangoja. Hakuendelea. Nikadhani amesahau maneno. Akaanza tena kutoka mwanzo, akafika pale pale, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja. Sisi tumekauka kama sanamu za kanisani. Mara ya tatu alivua hedifoni, akaiweka kwenye nyasi.

"Hawa watoto wako," akamwuliza madamu, "ni wazima?"

"Wazima, waitu," madamu akajibu kwa neno letu la heshima.

"Mbona hawaitikii? Nimeimba, kimya. Nimerudia, kimya. Nimewakosea nini? Au msichana ninayemwimbia hafai?"

Mjukuu wake akataka kuokoa hali. "Bibi, wewe imba tu. Hao wataitikia baadaye. Tutawarekodi peke yao, halafu tutawaunganisha kwenye kompyuta."

"Wataitikia baadaye?" Bibi alimwangalia kwa huruma kabisa. "Wataitikia nini, mimi nikiwa nimeshanyamaza?" Akaanza kujiinua, akasema ana maharage yake jikoni yanaungua. Hakuwa anatania. Alikuwa ameumia.

Na hapo ndipo uso uliponiwaka moto. Maana si kwamba tulikuwa hatujui! Sote tumezaliwa huku. Tangu najua kusema naitikia nyimbo hizi. Mtu akimwimbia bibi harusi, waliopo wanamjibu kila mstari, na usipojibu ni tusi, ni kama umesema huo ni uongo, huyo msichana hana lolote. Mtoto mdogo wa Kaagya anajua hilo. Lakini tulivaa hedifoni na kubandika karatasi yetu, tukakaa mbele ya bibi wa watu kama wageni walioshushwa na ndege asubuhi ile. Nadhani hakuna mtu mwingine duniani angeweza kufanya kosa lile ila sisi. Mgeni kweli angeuliza.

Nikamtazama madamu. Huyu ndiye aliyetuhubiria usafi miezi yote ile, sauti moja moja, mtu peke yake. Kazi hii ilikuwa ndiyo atakayopimwa nayo na mkuu wa shule, na wazazi, na kila aliyesema somo lake ni mchezo. Angeweza kumbembeleza bibi. Angeweza kukasirika. Alisimama, akaenda mlangoni, akabandua ile karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni, kisha akapaza sauti kuita kina mama wote waingie, na watoto wao. Wakajaa ndani wakicheka, wakakaa kwenye nyasi. Halafu akapiga magoti mbele ya bibi, mwalimu wetu, mbele yetu sote, akamwambia kwa Kihaya kwamba kosa ni lake, na kwamba tunaomba atuimbie.

"Madamu, sauti zitaingiliana," nikanong'ona. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na yeye mwenyewe.

"Ziingiliane," akasema. "Si ndivyo walivyo?" Akachukua maiki moja akaigeuzia kina mama, nyingine akaisogeza mbali kidogo na bibi, akainama akasikiliza, akaisogeza tena. Hedifoni ya bibi akaiacha pale pale chini.

Bibi akaimba. Safari hii alipofika mwisho wa mstari, nyumba nzima ikamjibu, eee waitu, na yeye akapokea, akapanda juu zaidi, akaongeza mistari ambayo hata mjukuu wake hakuwahi kuisikia. Vigelegele vikaingia vyenyewe mahali pake. Na mimi nikaitikia, nikiwa nimekaa kwenye kompyuta, sikuweza kujizuia, na sauti yangu imo humo mpaka leo, imepinda kidogo, karibu na maiki kuliko ilivyotakiwa. Kumbe mvua ilinyesha wakati wote huo. Hatukuijua mpaka tulipotoka nje tukakuta viatu vyetu vimejaa maji.

Nimefundishwa na walimu wengi wanaojua, na wengi ni wazuri, Mungu awabariki. Lakini mwalimu anayekiacha alichofundisha mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu amesikia kwamba hapa hakifai, na asinune, huyo nimemwona mmoja. Nikiwa njiani kurudi Bukoba, miguu imelowa, nilijiambia kwamba nataka kuwa hivyo, na kama siwezi, basi angalau niwe karibu na mtu aliye hivyo.

Tukakaa wiki nyingi tukipanga ile kazi, zamu kwa zamu chini ya kanga. Tuligombana, usiniulize kiasi gani. Kabla ya ubeti wa mwisho kuna mama mmoja anakohoa, kikohozi kizito cha moshi wa kuni, na mimi nikataka kukikata. Yule kijana akasema huyo ni shangazi yake, hakatwi. Nikamwambia shangazi yako si ala ya muziki. Madamu akatusikilizisha bila kikohozi, kisha nacho. Bila hicho, bibi anaonekana kusitasita bila sababu. Nacho, unasikia anamsubiri mwenzake amalize, ndipo anaendelea. Tukakiacha. Sikufurahi kushindwa na yule kijana, lakini masikio yangu yalikuwa upande wake.

Ajira zikatangazwa tukiwa tumeingia kidato cha sita. Madamu akaomba, kama kawaida yake. Safari hii akaitwa usaili, na akaambiwa aje na ushahidi wa kazi yake ya darasani. Alikuja chumbani amesimama kama mtu anayekopa. "Wimbo ule ni wenu na wa bibi," akasema. "Bibi ameniruhusu. Naomba na ninyi mniruhusu." Nani amewahi kuombwa ruhusa na mwalimu wake? Tulikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mkuu wa shule, ambaye mwanzoni alikuwa anaita somo letu disko, alituambia mstarini kwamba amekwisha kuomba rasmi: madamu akipata ajira, apangiwe hapa hapa. Tukaliona jambo limekwisha. Likawa letu. Wakatoliki wetu wakaanza novena, sisi Walutheri tukasema na sisi tutaomba kwa mtindo wetu, mwishowe tukawa tunaomba pamoja wakati wa mapumziko, tukiwa tumeshikana mikono kati ya trei za mayai. Tulikuwa tunaomba kitu kimoja: apate. Akipata, anabaki. Hakuna aliyefikiri kwamba hayo ni maombi mawili.

Ilikuwa saa ya chai. Madamu akatokea mlangoni ameshika simu. "Nimepata," akasema.

Mama yangu, zile kelele! Vigelegele, meza zinapigwa, mkuu wa shule akatoka ofisini mbio akidhani kuna moto. Yule kijana wa Buganguzi akambeba madamu juujuu kama mchezaji aliyefunga goli. Yeye analia na kucheka kwa pamoja, anasema niteremsheni, niteremsheni, nina umri huu. Walipomteremsha mmoja wetu akauliza, bado anacheka, "Na kituo ni hapa hapa, madamu?"

Akajifuta macho. "Mtwara," akasema. "Si mjini. Ndani huko."

Ramani ya nchi ilikuwa ukutani darasa la jirani, na sikuhitaji kuitazama. Sisi tuko kona hii, Mtwara iko kona ile, huwezi kwenda mbali zaidi bila kutoka nje ya nchi. Mkuu wa shule akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliomba, kwa kweli aliomba, ila kuomba si kupewa.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Na mdomo wangu haukungoja. "Si bora tungeiharibu ile kazi!" nikasema, mbele ya wote. "Tumeifanya vizuri ili itunyang'anye mwalimu?" Wenzangu wakaniziba mdomo. Madamu alisikia. Alivuta kiti, akafungua kompyuta, akaendelea na somo.

Siku zilizobaki alitufanyisha kazi mpaka tukachoka. Kompyuta ilikuwa yake na angeondoka nayo, la sivyo kule Mtwara angefundishia nini? Akamshawishi mkuu wa shule atoe ile ya ofisini, akaiwekea programu, akanifundisha mimi kuitengeneza inapogoma. Kwa nini mimi, sijui. Nilikuwa namjibu kwa mkato, ndiyo madamu, hapana madamu, sawa madamu. Nilikuwa nimenuna na nilitaka aone. Aliona, akaendelea kunieleza kwa sauti ile ile ya chini, na mimi nikaendelea kumpenda na kumkasirikia.

Aliondoka asubuhi, baada ya mstari. Mama yake alikuwa ameletwa kutoka Rubafu kumsindikiza, amevaa gauni lake la kanisani, amebeba kifurushi cha ndizi na samaki vya kula njiani. Yule mama alikuwa na furaha isiyo na breki. Alimsalimia mlinzi, akamwambia, "Mwanangu ameajiriwa na serikali!" Akamwambia dereva wa bodaboda aliyekuwa anafunga spika nyuma ya pikipiki. Akatuambia sisi, kana kwamba hatujui. "Miaka yote hii watu wananicheka, wanasema umesomesha mtoto akacheze ngoma. Ameajiriwa!" Tukampongeza, tukapiga makofi, akatushika mikono mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wenzangu. Madamu akanifuata, akanivuta mpaka kwenye ua wa michongoma, mbali kidogo na mama yake.

"Siku ile ulisema bora mngeiharibu kazi," akasema. "Ulitaka nikose?"

Ningeweza kusema hapana. Mtu mwenye adabu angesema hapana. Lakini huyu alikuwa amenifundisha kusikiliza, na angeisikia ile hapana jinsi ilivyo tupu.

"Ndiyo, madamu," nikasema. "Kidogo tu." Nikaanza kulia, nikangoja anikaripie.

Hakunikaripia. Alitazama kule kwenye chumba chetu, mlango ukiwa wazi, wadogo zetu wa kidato cha tano wameshaingia na wanagombania nani akae kwenye kompyuta.

"Hata mimi," akasema. "Kidogo tu."

Mama yake akamwita kwamba basi litamwacha. Madamu akajifuta uso kwa kiganja, haraka, upande huu na upande huu, kisha akageuka na kucheka kwa sauti kubwa ili mama yake amsikie.